Vya Kuokota Tu

6 Septemba

Sindano, mke mwenzangu,

Nakusalimu wewe kwanza. Huyo mumeo nitamsalimu nikikumbuka. Mimi mzima. Magoti yananung'unika, sikio la kushoto limeshaaga, la kulia linasikia linachotaka. Baba yako mzima, bado anawachomelea watu mageti, anarudi jioni ananuka chuma na hasemi kitu mpaka ashibe. Paka alikufa. Usilie, alikuwa mzee kunishinda na alikuwa mchoyo.

Anayeandika ni yule Karani mstaafu wa mlango unaotazamana na wetu. Ananiambia niseme taratibu. Namwambia wewe ndiye uandike haraka, si walikulipa mshahara miaka yote kwa kazi hiyo hiyo. Amekaa kwenye ngazi na kiti chake cha kukunja, mimi nimekaa ndani kwetu, geti liko katikati. Baba yako alilichomelea mwenyewe, kwa juu akalitia maua ya chuma. Zuri. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Ghorofa ya nne, mwizi atakayefika huku na pumzi zake, mimi ningempa kiti.

Tunaandikiana kwa sababu kwenye simu mimi sisikii mtu, na yako wewe unasema imeharibika tangu mwezi wa nne. Huyo fundi wa simu anaitengeneza au anailea?

Krismasi inakuja, na wewe huko najua hujaanza. Unakumbuka wewe ulivyokuwa unatambaa chini ya mivinje na mfuko wa unga, mimi nyuma yako nakukemea? Vidole vyako vilikuwa vinaingia kila mahali, ndiyo maana nikakuita Sindano. Zizi la Mtoto Yesu na mti wa Krismasi wa urefu wa kidole, na kila kilichomo kimeokotwa chini. Hakuna cha kununua, hakuna cha kukata mtini. Kwa kile kimoja ulichokata ulikula kiboko, na sijutii. Kilichoanguka chenyewe kimeshakauka, kimemaliza kusinyaa, hakikugeuki. Kibichi ukikibandika leo, kesho kimejikunja na kuachia gundi, malaika yuko sakafuni kifudifudi.

Mwaka huu nimeanza mapema. Malaika nimemvika ganda la kitunguu, mbawa zake ni manyoya ya njiwa. Kitanda cha Mtoto ni nusu ganda la yai. Kondoo nimewatoa kwenye kokwa la embe: nimelikausha, nikalichana kwa kitana mpaka sufu ikasimama, nikalikata vipande. Wachungaji ni njiti za kiberiti, zizi ni boksi lake. Gundi ni uji wa unga kama siku zote. Wote wanaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki.

Nakutumia malaika mmoja. Wewe nitumie vya huko. Nataka vile vitunda vya mvinje, mbegu zenye bawa, na kokoto bapa za kutengenezea ukuta wa zizi.

Bibi yako, anayekupenda mpaka anakasirika.

(Hapa chini naandika mimi Karani, yeye hasomi. Geti si la wezi. Linafungwa kwa nje na ufunguo anao baba yako. Siku moja Bibi alipotea akiokota mbegu kwenye mzunguko wa barabara kuu, wapita njia wakamrudisha jioni, baba yako aliogopa sana. Tangu hapo Bibi hajashuka ngazi. Nimeona ujue.)


29 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na malaika amefika salama, bawa moja tu limepinda. Nimemtundika kwenye komeo la dirisha la jikoni. Pole kwa paka. Nililia kidogo hata hivyo.

Sisi hatujambo. Mume wangu anafanya kazi kwenye lile lile ghala, wamempandisha cheo. Amesoma barua yako akacheka pale uliposema utamsalimu ukikumbuka. Amesema anakusalimu yeye kwanza. Ni yeye anayepeleka barua zangu posta akienda kazini, basi ndiyo maana huwa zinachelewa, kazi zinambana. Kushona nimeacha. Amesema hakuna haja ya mimi kuhangaika na nguo za watu, cherehani tumeiuza.

Nyumba ni nzuri, ghorofa ya pili, kimya. Nje ya dirisha la jikoni kuna mvinje mkubwa. Upepo ukivuma unasikika kama mtu anapepeta mchele. Jioni huwa natembea chini yake, nikakuokotea hivyo vilivyomo kwenye kasha. Kokoto sikuziona. Mbegu zenye bawa pia sikuzipata, labda msimu bado.

Bibi, mbona vitu vyako mwaka huu vyote ni vya jikoni?

Mwambie Karani nimesoma alichoandika chini. Mwambie asante.

Mjukuu wako, Sindano.


11 Oktoba

Sindano,

Sisi wazima, baba yako anakohoa lakini ni moshi wa kuchomelea. Karani ana miwani mipya, anajiona waziri.

Kasha limefika. Nimelifungua mbele ya Karani, nimemwaga vyote kwenye sinia, nimeviangalia, nimevinusa. Sasa nisikilize.

Vitunda hivi ni vibichi. Nimevianika dirishani, vimepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Vikonyo vyake havikukatika vyenyewe, vimekatwa kwa kisu, na kisu chenyewe butu, pana meno meno. Nimeviangalia vyote, hakuna hata kimoja chenye mchanga. Hakuna kilichokanyagwa. Hakuna kilichotobolewa na mdudu. Tangu lini mtu akaokota chini ya mti mkubwa akarudi na vitu visafi hivyo? Na vyote ni vya mti mmoja, na vya tawi moja, maana upande mmoja vimekula jua na upande mwingine havikula.

Wewe hukuokota. Wewe umesimama dirishani, ukanyoosha mkono na kisu cha jikoni, ukavuta tawi. Mtoto niliyemfundisha mimi hawezi kukata mtini kwa uvivu. Ungekuwa unafika chini ungeokota. Basi niambie, chini hufiki kwa nini? Mlango una nini?

Mumeo anasoma barua zangu, sivyo? Asome na hii. Wewe bwana, huyo si mkufu wa kufungia kabatini. Mwache mtoto ashuke akaokote mbegu.

Karani anasema nisiandike hivyo. Nimemwambia kalamu ni yako lakini mdomo ni wangu.

Unauliza habari za jikoni kwangu. Magoti yananisumbua, nimeshasema.

Nijibu haraka.

Bibi yako.


17 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyumbani. Sisi hatujambo.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Nataka ujue kwamba naishi vizuri na mume wangu ananitunza kwa kila kitu. Sikosi chochote. Maneno uliyoandika kuhusu yeye yamemsikitisha, kwa sababu anakuheshimu kama bibi yake mwenyewe. Naomba usirudie.

Mvinje wa dirishani umekatwa. Mume wangu ameona ulikuwa unaleta wadudu. Kwa hiyo sitaweza kukutumia tena mapambo. Jikoni sasa kuna mwanga mwingi.

Msalimie baba.

Mjukuu wako.


24 Novemba

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe pamoja na mume wako. Mimi mzima. Baba yako mzima. Msalimie sana mume wako na umwambie nimeelewa, mimi ni mzee, nimekaa na watu zamani sana na maneno yangu hayana adabu. Nashukuru anavyokutunza.

Kuhusu mti, vizuri. Wadudu wanasumbua.

Sina madai. Ila zizi langu halina nyota, na Krismasi bila nyota wachungaji watapotea njia kama mimi. Kama mume wako anaona sawa, nitumie nyota moja ndogo ya kuenea kwenye bahasha. Itengeneze kwa chochote ulichookota mahali unapopita kila siku. Usihangaike kutafuta. Cha njiani tu.

Bibi yako.

(Mimi Karani. Leo amesema kila neno mara mbili kabla sijaandika, kisha akashika nondo za geti kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona anatafuta neno.)


6 Desemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu amekubali nikutumie nyota. Amesema ni takataka lakini kama inakufurahisha mzee hakuna tabu.

Nimeitengeneza kwa nilichokiokota ninapopita kila siku, kama ulivyosema.

Sindano.


14 Desemba

Sindano wangu, mke mwenzangu, roho yangu,

Barua hii haipiti posta na haipiti kwa mumeo. Inakuja kwako moja kwa moja, basi kwa mara ya kwanza tangu Septemba nitakuamkia nikiwa sina wa kumwogopa. Hujambo mama? Umekonda? Usinijibu, najua.

Ukiona mwandiko huu umelala upande mmoja kama ukuta wa mlevi, usishangae. Anayeandika ni baba yako. Karani amekataa. Nimemwita, amesimama pale getini na kiti chake mkononi, akasema, "Bibi, hii siandiki. Hii aandike mwenye ufunguo." Akarudi kwake. Basi mwenye ufunguo amekaa mezani hapa mbele yangu, mkono umezoea chuma, kalamu ameishika kama nyundo. Namwambia neno, anaandika. Akiruka neno nitamjua, nitamwambia Karani anisomee kabla barua haijafungwa.

Andika: Baba yako nilimwambia habari zako mwezi uliopita, mti wa dirishani ulipokatwa. Nikamwekea vile vitunda mezani, vimepasuka, nikamwonyesha alama za kisu. Akaniambia, "Mama, hizi ni mbegu tu." Nikamwambia mwanao amefungiwa ndani. Akasema, "Hiyo ni ndoa ya watu, Mama. Mwenzake anamtunza. Dunia ya siku hizi mbaya, pengine anamkinga." Akala, akalala. Nilitamani kumpiga na mwiko, lakini mtu aliyelala hausikii mwiko.

Ameacha kuandika hapa. Nimemngoja. Haya, ameendelea.

Nyota yako imefika jana. Karani alinipitishia bahasha kwenye nondo, nikaifungua, nikakaa nayo mpaka baba yako alipotoka kazini. Hata kula sikumpa. Nikamwambia kaa, shika hiki, niambie ni nini.

"Nyota."

"Imetengenezwa kwa nini?"

Akaigeuza. "Njiti za ufagio."

"Imefungwa kwa nini?"

Akasema uzi. Nikamwambia isogeze kwenye taa. Akaisogeza, akavua kofia. "Nywele," akasema. "Nywele zake."

Nikamwambia, nilimwomba mwanao anitumie kitu alichookota mahali anapopita kila siku. Hicho ndicho alichokiona. Sakafu, ufagio, na kichwa chake mwenyewe.

Akasema, "Pengine alikosa uzi." Bado anabishana, unamjua. Nikaona maneno hayaingii. Nikaenda kuchukua sinia langu, lenye zizi na malaika na kondoo wangu wote, nikaliweka mbele yake. Nikamwambia, haya, nisomee na hili, wewe niliyekubeba mgongoni tukiokota, wewe uliyekuwa unalala na kokoto mfukoni. Vitu vya mama yako mwaka huu vimetoka wapi?

Akaanza kutaja, kidole juu ya kimoja kimoja. Kitunguu. Yai. Kiberiti. Embe. Manyoya, njiwa wa dirishani. Uji wa unga. Akatafuta cha chini. Akainua zizi, akatazama hata nyuma. Hakuna jani, hakuna kijiwe, hakuna hata chembe ya mchanga. Akakaa na lile zizi mkononi.

Akasema, "Mimi nakufungia kwa sababu utapotea, Mama. Mimi nakupenda."

Nikamwambia, najua. Na yule anamfungia mwanao kwa sababu gani? Nenda kamwulize. Utaona atakavyokujibu kwa maneno yako hayo hayo, na utaona ladha yake ukiyasikia kutoka kwa mtu mwingine.

Andika hiyo yote. Usirembe.

Sindano, baba yako hakulala. Asubuhi amekwenda karakana, ameomba ruhusa, amerudi na tiketi ya basi. Sasa nisikilize vizuri. Atafika kwako mchana, mumeo akiwa ghalani. Barua hii atakupitishia chini ya mlango. Mlango hatauvunja, ingawa ana mikono ya kuuvunja. Nimemkataza, maana tukivunja, yule ataita watu na sisi ndio tutakuwa wezi. Atakaa hapo nje na kukungoja. Mtaongea mlango ukiwa katikati, mimi na Karani tumefanya hivyo mwaka mzima, mtu anazoea. Kusanya nguo zako na vyeti vyako. Vyombo waachie.

Jioni mwenye ufunguo wako akirudi atamkuta mkwewe ameketi mlangoni. Afungue, baba yako atamwambia jambo moja tu, nimekuja kumchukua mwanangu akamwone bibi yake. Akiuliza kwa siku ngapi, asijibiwe. Akipandisha sauti, apandishe, majirani nao wana masikio. Wewe usibishane naye, usimweleze, usimwombe radhi. Utajisikia kuomba radhi, nakujua. Bana meno, pita.

Mimi mdomo wangu ndio uliokatisha mti wako. Nilijiona jasiri, nimekaa huku mbali nyuma ya chuma, adhabu ukaila wewe. Basi, hilo nimelisema, tusilirudie.

Kuhusu geti langu, baba yako ameniahidi kwamba akiondoka atamwachia Karani ufunguo. Nimemwambia aliandike hilo kwa mkono wake ili kuwe na ushahidi. Ameandika. Ukifika hapa usije juu kunibeba. Simama chini ya ngazi. Nitashuka mwenyewe, polepole, nitapumzika kila ghorofa, nitawatukana wote mtakaotaka kunishika mkono. Kisha tutakwenda kuokota. Kwenye mzunguko wa barabara kuu kuna mbegu zenye bawa, nilikuwa nimeanza kuzijaza kwenye kanga waliponirudisha, na sikuwa nimepotea hata kidogo. Nilikuwa na kazi.

Bibi yako.


16 Desemba

Sindano, mwanangu,

Naandika nyuma ya karatasi ya Bibi, nimekaa kwenye ngazi za kwako. Mlango wako una komeo la nje na kufuli mbili. Mimi kazi yangu ni hizi, nimeziangalia, ni imara, nimeona aibu kuzisifia moyoni.

Ufunguo wa Bibi sikumwachia Karani. Sikukusudia. Nilitoka na mkoba, mkono ukafunga geti na kuutia ufunguo mfukoni kama kila siku, nimeugundua kwenye basi nikitafuta kalamu. Nimempigia Karani simu njiani. Anasema anampitishia chakula kwenye nondo, na kwamba Bibi amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasema niambiwe kwamba yeye anaweza kungoja, wewe huwezi. Lazima tuondoke na basi la leo usiku.

Nimekaa hapa tangu saa saba. Sijagonga. Nasikia unafagia, unafika mlangoni, unarudi, unafika tena. Sijui nikuite kwa sauti gani.

Naisukuma karatasi chini ya mlango sasa. Ukiiona, sema neno lolote, mwanangu, nikusikie.

Baba.